Kitu Kisichozimika Kichwani kwa Baba Yako

Mwanangu Nyangeta,

Shuleni walitufundisha kwamba barua inaanza kwa kuuliza hali na kueleza kuwa sisi huku ni wazima. Mimi niliishia darasa la nne, lakini hilo nililishika. Leo linanishinda, kwa sababu hali yako naijua: asubuhi umekula kiporo, ukavaa lile gauni la kijani, ukaenda Bunda kumuaga shangazi yako, na jioni utarudi umejaa vumbi. Kesho ndio unaenda mbali. Naandika mchana huu, baba yako amejinyoosha kidogo, ili usinikute na peni mkononi ukanicheka.

Mambo ya blanketi, ya kufunga mlango, ya kutokula chipsi kila siku, sitayaandika. Nimeshayasema mpaka kaka yako Magesa akauliza kama unaenda chuoni au unaolewa. Naandika kwa sababu ya swali lako la Jumapili. Tulikuwa tunapepeta ulezi, ukaniuliza, "Mama, nikifika Dar nipime ile damu, au nisipime?" Mimi nikakujibu, "Hebu sogeza huo ungo." Hilo halikuwa jibu, na wewe ulijua, ila ulisogeza ungo. Tangu siku hiyo nalitafuta jibu. Kwa mdomo ningelia kabla sijalifikia, ndio maana nimechukua karatasi. Peni hailii.

Ngoja nianzie mbali kidogo.

Bibi yako Nyabise, mama mzazi wa baba yako, sikumkuta akiwa mzima. Nilipoletwa hapa Butiama kutoka kwetu Bukima, mkono wake wa kulia ulikuwa unazungusha kidole gumba juu ya kidole cha pili, kutwa, kama mtu anayesokota uzi ambao haupo. Nilikuwa mgeni na mdomo wangu unaujua. Nikamuuliza baba yako, "Mama anasokota nini?" Akasema, "Nyamaza wewe." Nikanyamaza mdomo, macho hayakunyamaza. Niliona kwamba akishika kikombe mkono unatulia, akikiweka chini unaanza tena. Nikajiuliza, mbona mkono unaumwa ukipumzika na unapona ukifanya kazi? Wengine walisema ni tumbaku. Wengine walisema ni laana ya mpaka wa shamba.

Bibi akafariki, na wewe ukazaliwa baada yake. Unajua desturi ya hapa: mtoto wa kike akizaliwa, jina la bibi aliyetangulia linamngoja mlangoni. Kila mtu alijua utaitwa Nyabise. Mimi nikakataa. Nilikuwa nimekuangalia mikono yako midogo unavyoikunja, nikasema moyoni, hili jina likiingia, litaingia na mkono wake. Nikakupa jina la mama mdogo wangu wa Bukima, Nyangeta, aliyepara samaki mpaka uzeeni na kisu hakikumcheza mkononi.

Shangazi yako alikuja kutoka Bunda siku hiyo hiyo. Hakukaa hata kwenye kigoda.

"Wifi, mama yangu amekukosea nini hata umtupe nje ya nyumba yake?"

"Sijamtupa. Naogopa mkono."

"Mkono gani? Huo uliokukamulia maziwa ulipoletwa hapa umekonda kama samaki furu?"

Kweli nilikuwa nimekonda. Akaondoka. Alipojifungua yeye mwenyewe, jina akalichukua, ndiyo huyo binamu yako Nyabise unayecheka naye kwenye simu. Mimi na shangazi yako tulikaa miaka tukisalimiana kwa ncha za vidole. Baba yako hakunigombeza. Ila alipokubeba mara ya kwanza alikuita "mama," kama vile jina amelipitisha dirishani, na mpaka leo anakuitaga hivyo.

Angalia sasa kosa langu lilivyokuwa wazi na mimi sikuliona. Baba yako anaitwa Wambura. Huyo Wambura wa zamani, babu aliyempa jina, hakutetemeka hata siku moja. Walisema alifyeka pori mpaka mwaka aliokufa. Kama ugonjwa ungekuwa unafuata jina, baba yako angekuwa wa mwisho kuupata. Akaupata.

Waliojua kwanza si mimi wala yeye. Ni maksai. Unawakumbuka Sukari na Mchele? Baba yako alikuwaga akilima nao hapazi sauti. Alikuwa anaita tu na wanageuka. Msimu mmoja wakaanza kusimama katikati ya mstari na kuangalia nyuma. Magesa akasema hawa ng'ombe wamezeeka. Baba yako akasema wamekuwa wakaidi. Nilipeleka uji shambani, nikasimama kwenye tuta, nikasikiliza. Alikuwa anawaita, lakini sauti ilikuwa imepungua, inafia kwenye meno. Ng'ombe walikuwa wanamngoja aseme, na yeye alifikiri ameshasema. Halafu nikaona mkono wa kushoto hauendi na mwili. Umening'inia tu. Nyangeta, nilirudi nyumbani na kile kibuyu cha uji bila kumpa.

Habari za hospitali unazijua, ulikuwa na sisi. Ugonjwa wa Parkinson. Nikajifunza kulitamka. Nataka nikuambie la vidonge tu, maana ulikuwa shule na hukuona nilivyohangaika. Waliposema dawa asinywe na njaa akaumwa tumbo, mimi nikasema, mume wangu hatakunywa dawa na ugali mkavu. Mimi ni mtoto wa ziwani. Kila kidonge nikakipeleka na sato, kichwa na mkia, mchuzi umesimama. Na vidonge havikufanya kitu. Nikaongeza samaki. Kikaja kipindi samaki wakaadimika, tukala ugali wa udaga wa muhogo na mlenda wiki nzima, na baba yako akainuka akaenda mwenyewe kuangalia zizi. Nikasema, kumbe mlenda ni dawa! Nikaanza kumpa mlenda mpaka akaukimbia.

Yule nesi wa kliniki ndiye aliyenifungulia. Nilimweleza habari za mlenda, hakunicheka. Akasema, "Mama, dawa hii na samaki wanapita mlango mmoja kuingia mwilini. Samaki ana protini, anajaa mlangoni, dawa inabaki nje. Mpe dawa kwanza, samaki baadaye." Nikamwambia, "Basi nimekuwa nikimzibia mlango kwa mapenzi." Akasema, "Wengi wanazibiwa hivyo."

Ndipo wakaja wale wataalamu wa Mwanza wakatoa damu ya baba yako, kwa sababu bibi alikuwa na ugonjwa huu na yeye anao. Walipotuita kutuambia, ulikaa katikati yetu, na mimi nikasikia maneno mawili tu. La kwanza, "protini." Nikashtuka, nikafikiri ni samaki zangu. La pili, "nusu." Tuliporudi nilikuuliza jikoni, unakumbuka? "Tupunguze samaki zisimzidie kichwani?" Ulicheka ukashika ukuta. Halafu ukaona sicheki, ukakaa.

Siku ile naipenda, nikikumbuka maisha yangu yote naiweka juu. Nilikuwa napika togwa. Uji mzito wa ulezi umeivishwa, nimeuacha upoe mpaka kidole kivumilie, nikachukua ule unga wa kimea, gao moja la mkono, nikautia na kukoroga. Ukaniambia, "Mama, angalia hapo hapo." Nikaangalia kitu ninachokijua tangu utoto: uji mzito unalegea, unakuwa mwepesi, halafu unakuwa mtamu bila sukari. Ukasema kwenye kimea kuna kimeng'enya, na kimeng'enya chenyewe ni protini. Kinakata wanga vipande vidogo, kikimaliza kimoja kinahamia kingine, chenyewe hakiliwi.

"Kama hakiliwi, kitaacha lini?"

"Kikiishiwa kazi. Au ukikichemsha kikafa."

Hilo nililijua. Ukitia kimea uji ukiwa unatokota, uji unabaki mzito na wageni wanakusema. Sikuwahi kujua kuna mfanyakazi ndani yake niliyemuua.

Ukasema kichwani kwa baba yako kuna cha namna hiyo, jina lake herufi nne na namba moja mwishoni, kama kibao cha pikipiki. Hakikati wanga. Kazi yake ni kubandika kialama kwenye protini nyingine, zijue pa kwenda. Na kina swichi: kinawaka, kinafanya kazi, kinazima. Kila mtu anacho, hata mimi, hata yule wifi yangu. Cha baba yako swichi ina kasoro. Hakizimi vizuri. Kinabandika na kubandika. Na hakikutoka kwenye samaki wala tumbaku. Mwili unakitengeneza wenyewe kwa maelekezo aliyozaliwa nayo, aliyopewa na mama yake.

Nikakoroga. Halafu nikakuuliza kitu ambacho mpaka leo kinanizunguka. "Nyangeta, kitu kinachofanya kazi kupita kiasi, kinamfanyaje mtu ashindwe kutembea?"

Nilikuona unatafuta. Ukasema, "Kuna seli kichwani zinazotengeneza kile ambacho kidonge kinamrudishia. Hizo zinakufa. Kwa nini kubandika kuzidi kunaziua, hata wao hawajajua vizuri, mama." Ukaongeza kwa sauti ndogo, "Ndiyo maana nataka maabara."

Nikajua siku hiyo kwamba utaondoka. Mtu akisema "hawajajua" na macho yake yakawaka, huyo si wa kukaa nyumbani. Mimi pia nilikuwaga hivyo. Tofauti ni kwamba mimi nikiuliza niliambiwa nyamaza wewe.

Nikakuuliza kama hicho kitu hakiwezi kuchemshwa. Ukasema kichwa hakichemshwi, mama. Lakini ukasema kuna wanaojaribu dawa ya kukipunguza kasi. Si kukiua kabisa, kwa sababu mapafu na figo zinakihitaji pia. Nilifurahi kusikia hivyo. Nilikuwa nimeanza kukichukia kile kitu, kumbe mahali pengine mwilini ni mtumishi mwema.

Sasa lile neno la pili. Nusu.

Hili sikukuambia kwa mdomo. Mtaalamu alisema kila mtoto ana nafasi ya nusu kwa nusu ya kurithi. Mimi nikahesabu kama nahesabu vifaranga: nina watoto wawili, nusu yake ni mmoja. Basi mmoja wenu anacho, mwingine hana. Nikaanza kuwaangalia. Magesa akiangusha jembe, nasema ni yeye. Wewe ukichelewa kuitika, nasema ni wewe. Nikaenda kanisani Nyegina kwenye hija, nikapiga magoti nikaomba, Mungu, Nyangeta asiwe nacho. Nikainuka. Nikiwa nimeshafika nje nikasimama kama baba yako anavyosimama mlangoni, miguu haiendi. Maana kwa hesabu yangu nilikuwa nimemwombea Magesa awe nacho. Nikarudi ndani nikaomba kinyume, nikaona nimekuuza wewe. Nikaondoka bila kumaliza sala. Kwa miezi mingi nilikuwa sijui niombe nini.

Ni wewe uliyeniokoa bila kujua. Ulikuwa unamweleza Magesa pale uani: "Hatugawani kama nyama. Kila mmoja alirushiwa shilingi yake. Inawezekana wote tunacho. Inawezekana wote hatuna. Na hata mwenye nacho si lazima augue. Wapo wanaozeeka nacho na hawatetemeki." Magesa akasema, "Mimi sitaki kujua. Nina ng'ombe wa kulisha." Ukasema sawa. Mimi nilikuwa nyuma ya ukuta na ndoo. Nikaiweka chini nikakaa juu yake. Sikuwa tena na wa kumuuza.

Hilo ndilo nililojifunza kwa tabu, na nakupa kama lilivyo: ujinga wangu haukuwa kutojua. Kutojua ni kitu kizuri, kinakufanya uulize. Ujinga wangu ulikuwa kufanya hesabu na kuificha, nikaishi nayo peke yangu, ikanitawala. Nilipofikiri jina linabeba ugonjwa, sikumuuliza mtu, nikapoteza wifi. Nilipofikiri nusu ni mmoja, sikumuuliza mtu, nikapoteza sala. La samaki nilisema kwa sauti, nikachekwa, na siku hiyo hiyo nikapona.

Shangazi yako nilimweleza habari ya kile kimeng'enya. Nilimpigia simu mwenyewe. Alisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Kwa hiyo hata mimi naweza kuwa nacho." Nikasema, "Hata wewe." Halafu akasema, "Na wewe ulikuwa unamkimbia mama yangu kwa jina! Wifi, wewe ni mjinga." Nikasema, "Sana." Tukacheka mpaka salio likaisha. Ndio maana nimekuruhusu uende Bunda peke yako leo bila kukutuma maneno ya kujipendekeza.

Kuhusu baba yako, usiende na wasiwasi. Anasimama mlangoni miguu imegoma, hilo umeliona. Lakini hujui tulichogundua juzi. Alikuwa amekwama kwenye kizingiti, mimi nina sufuria ya moto mkononi nataka kupita, nikachoka, nikamwita kwa ile sauti yake ya shambani: "Haya, songa! Shika mstari!" Akainua mguu akapita kama kijana. Alipofika nje akageuka polepole.

"Sasa mimi ndio maksai?"

"Maksai angekuwa ameshafika."

Alicheka, Nyangeta. Uso wake siku hizi haucheki kirahisi, lakini mabega yalicheka. Sasa akikwama ananiambia mwenyewe, "Niite." Kwa nini mguu unaosahau kwenda unakumbuka ukiitwa? Kaniulizie huko. Na ukikiona hicho kimeng'enya kwenye mashine zenu, niambie kina rangi gani. Najua utasema hakina. Niambie tu kilivyo.

Sasa jibu.

Kwanza nilimpelekea baba yako swali lako. Sikutaka kulijibu bila yeye. Nilimuuliza asubuhi dawa ikiwa imeshika, anapoongea vizuri. Alikaa nalo muda mrefu mpaka nikafikiri amesinzia. Akasema, "Mama yangu alipewa bila kuulizwa. Mimi nilipewa bila kuulizwa. Huyu ndiye wa kwanza kwenye ukoo wetu kuulizwa. Tusimjibie."

Nikakasirika kidogo, kwa sababu nilitaka aseme ndiyo au hapana nami nijifiche nyuma yake. Lakini nimelizungusha neno lake siku hizi na naona ni kweli.

Mimi la kwangu ni hili. Nataka kujua. Sitakudanganya. Nataka kujua kuliko ninavyotaka kulala. Mimi ni mtu wa kufunua sufuria ya jirani. Ukipima, nitataka kujua siku hiyo, saa hiyo, kabla hujafunga bandeji. Na ndiyo sababu nakuambia usipime kwa ajili yangu. Hamu yangu ni yangu, nitaishi nayo. Damu ni yako, na ukishajua huwezi kurudi kutojua. Hakuna kidonge cha kukupa leo kwa ajili hiyo. Hata ukijua, kesho yake utaamka utafute soksi kama kawaida. Fikiri utakuwa mtu gani ukiwa unajua, na utakuwa mtu gani ukiwa hujui, uchague yule unayeweza kukaa naye chumba kimoja. Unaweza kuchagua mwaka huu, au ukishamaliza chuo, au ukishapata mtu wa kukushika mkono. Unaweza kusoma habari za kitu hicho maisha yako yote na usijue kama chako kinazima. Ukiona hivyo ndivyo, hakuna atakayekuita mwoga mbele yangu.

Ukipima na ukaona huwezi kuniambia, usiniambie. Ila nakuonya mapema jambo moja: ukija likizo nitakuangalia mikono. Sitaweza kujizuia. Nitakupa sahani na nitaiangalia inavyotoka kwangu kwenda kwako, na utaniona nikiangalia. Usinikasirikie, wala usiufiche mkono chini ya kanga. Uache hapo mezani, niutazame mpaka nishibe, halafu tule.

Mama yako,
Veronika